Ufunguo wa Ghala: Akiba ya Siku Mbaya Kitale na Bungoma, Kutoka Wimbi hadi Korona

Njaa ya Kitale na Bungoma ina majira yake. Huingia mwezi wa Mei, mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Machi na Aprili yakiwa bado hayajapita magoti, na haitoki mpaka mabichi ya kwanza yaanze kuchomwa. Katika miezi hiyo mkulima aliyevuna magunia kumi mwaka uliotangulia huonekana sokoni akinunua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kwa bei iliyo juu kuliko ile aliyouzia ya kwake.

Kitale ni makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia, nyanda iliyoinuka takriban mita 1,900 kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Bungoma iko kusini-magharibi mwake, chini kidogo, kwenye barabara kuu na reli ziendazo Uganda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Udongo wao ni miongoni mwa udongo bora wa mahindi nchini, na Trans Nzoia imezoea kuitwa ghala la Kenya. Ndiyo maana swali la kujiandaa kwa siku mbaya sehemu hizi limekuwa tofauti na la nchi kavu za kaskazini. Chakula hutoka shambani kila mwaka. Linaloulizwa ni mahali mavuno ya Novemba yatakapokaa hadi Agosti inayofuata, na nani atashika ufunguo. Katika miaka mia na zaidi ufunguo huo umehama mara nyingi, na kila ulipohama, kaya zilipata kitu na kupoteza kingine. Janga la Korona la 2020 liliwakuta watu wakiwa wameweka akiba mahali pengi kwa pamoja, likazipima akiba hizo zote kwa msimu mmoja.

Kabla ya mahindi kulikuwa na wimbi na mtama. Wabukusu, walio wengi Bungoma, na Wasabaoti wa miteremko ya Elgon walilima nafaka hizo pamoja na kufuga ng'ombe. Wimbi lina sifa ambayo mahindi hayana: punje yake ni ndogo mno, fukusi hapati pa kuingia wala pa kutagia. Likikauka vizuri hukaa miaka mingi bila kuharibika. Waswahili husema akiba haiozi, na kwa wimbi maneno hayo ni kweli tupu. Kaya iliyovuna vizuri miaka miwili mfululizo iliweza kuukabili mwaka wa tatu wa ukame bila kubisha mlango wa mtu.

Ghala lenyewe lilisukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, likakandikwa udongo uliochanganywa na samadi, likainuliwa juu ya mawe au miguu ya miti ili unyevu na panya visilifikie. Paa lake la nyasi liliwekwa kama kifuniko. Aliyetaka nafaka aliliinua upande mmoja akachota. Katika boma la wake wengi kila mke alikuwa na ghala lake, akilijua kina chake kwa mkono, na mume aliweza kuwa na lake la akiba lisiloguswa mpaka ya wake yaishe. Utaratibu huu ulikuwa na busara ambayo haijapatikana tena kwa urahisi: aliyepika ndiye aliyejua kilichobaki, na aliyejua kilichobaki ndiye aliyeamua ugali uwe mkubwa kiasi gani. Masuke bora yaliyotengwa kwa mbegu yalitundikwa juu ya jiko, moshi ukayalinda mpaka mvua. Mbegu haikununuliwa.

Lakini nafaka ilikuwa nusu tu ya akiba. Nusu ya pili ilikuwa watu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote katika zizi moja. Aliwaweka baadhi kwa marafiki na wakwe wa mbali, nao wakapata maziwa na sehemu ya ndama kwa malipo ya utunzaji. Maradhi au wavamizi wakipita, zizi moja liliteketea, mengine yakabaki. Maarifa hayo yalijaribiwa vikali katika miaka ya 1890. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa mwongo huo iliua ng'ombe wasiohesabika, na mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Waingereza liliwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, likaua watu wengi na kuchukua mifugo. Waliokuwa na ng'ombe kwa rafiki walikuwa na pa kuanzia upya.

Deni la ng'ombe au la nafaka halikuandikwa popote, na hapa matanga yalifanya kazi ambayo leo hufanywa na karani. Siku chache baada ya mazishi, wafiwa walipokusanyika kunyolewa nywele, wazee waliuliza hadharani nani anamdai marehemu na marehemu anamdai nani. Kila dai lilitajwa mbele ya mashahidi, na warithi walilipokea. Kifo hakikufuta akiba ya mtu iliyokuwa nje ya boma lake. Mikusanyiko ya msiba imelaumiwa sana kwa gharama zake, na gharama hizo ni za kweli, lakini asiyejua kwamba humo ndimo hesabu zilimofungwa hajayaelewa matanga.

Majaribio makubwa ya mfumo huu yalikuja pamoja mwaka 1918. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimewachukua wanaume wengi wa magharibi kubeba mizigo ya jeshi katika kikosi ambacho jina lake, kwa matamshi ya Waswahili, likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Mwaka huo mvua zilikuwa mbaya katika sehemu nyingi za nchi. Kisha, Septemba, homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikashuka bandarini Mombasa, ikapanda garimoshi hadi Kisumu, ulipokuwa mwisho wa reli siku hizo, na kutoka hapo ikatembea kwa miguu pamoja na wasafiri. Makadirio ya watafiti ni kwamba iliua watu wapatao 150,000 katika nchi ambayo sasa ni Kenya.

Ugonjwa huo ulikuwa na tabia ambayo homa nyingine hazina: uliwaua hasa watu wa umri kati ya miaka 20 na 40. Ghala lililojaa halipalilii shamba. Nyumba yenye wimbi la kutosha lakini isiyo na mikono ya kulima ilikula akiba yake mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili haikuwa na cha kuweka. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba janga la maradhi haliumi kama ukame umavyo. Ukame hukausha shamba na kuwaacha watu. Maradhi huwachukua watu na kuliacha shamba. Kujiandaa kwa kimoja si kujiandaa kwa kingine.

Baada ya homa zikaja kodi. Mwaka 1920 nchi ilifanywa koloni na kodi ya kibanda na kichwa ikapandishwa hadi rupia 8. Uchumi wa dunia ulipodorora mwaka uliofuata, masetla walipunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi. Mnamo Desemba 1921 mkutano mkubwa wa Lundha, upande wa Wajaluo, ulipinga mambo hayo, na kodi ikapunguzwa mwaka uliofuata. Tangu hapo kila kaya ya magharibi ilihitaji akiba mbili badala ya moja: chakula cha tumbo na sarafu ya serikali. Sarafu haikuota shambani. Ilipatikana kwa kuuza nafaka au kuuza jasho.

Jasho liliuzwa zaidi Trans Nzoia. Nyanda hiyo ilikuwa imetengwa kwa Wazungu, na mpango wa 1919 wa kuwapa askari waliostaafu mashamba uliongeza idadi yao. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi ya masetla yalipata njia ya kwenda Mombasa na ng'ambo. Stesheni na mabohari yake yakawa ghala la aina mpya: nafaka iliwekwa kwa ajili ya bei, si kwa ajili ya miezi ya njaa. Wabukusu na wengine waliohamia kama maskwota walilima vipande vyao na kulipwa mshahara mdogo pamoja na posho, kipimo cha unga kwa wiki. Neno posho limebaki na maana hiyo ya mgawo hadi leo. Mtu anayekula posho hana ghala. Chakula chake kimo mikononi mwa tajiri wake mpaka Jumamosi. Ng'ombe aliokuja nao maskwota walikuwa akiba yao ya mwisho, na sheria ya mwaka 1937 iliyapa mabaraza ya masetla uwezo wa kuwapunguza.

Mdororo mkubwa wa dunia ulioanza 1929 ulifichua jinsi akiba ya bei ilivyo dhaifu. Mahindi yaliporomoka, na masetla wa Trans Nzoia waliokuwa wamekopa kwa matarajio ya bei nzuri walijikuta hawawezi kulipa. Serikali iliwaundia Benki ya Ardhi mwaka 1931. Mkulima Mwafrika wa Bungoma, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya North Kavirondo, hakuwa na benki. Mwaka huohuo nzige walivamia magharibi. Maofisa wa kilimo wakasisitiza upanzi wa muhogo, kwa sababu nzige hula majani lakini mzizi hubaki ardhini. Muhogo ulikuwa akiba isiyohitaji ghala kabisa. Ulikaa shambani ukisubiri. Wazee wengi hawakuupenda, lakini ulikaa, na hadi leo kingo za mashamba ya Bungoma zina mistari ya muhogo ambayo haiuzwi wala haiguswi mwaka mzuri.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza kuvuta chakula, serikali ilianzisha mwaka 1942 udhibiti wa mahindi. Mahindi yote yaliuzwa kwake kwa bei iliyopangwa, Mzungu akilipwa zaidi ya Mwafrika kwa gunia lilelile, na kuvusha nafaka kutoka wilaya hadi wilaya kukahitaji kibali. Mfumo huo ulidumu, kwa majina tofauti, kwa zaidi ya miaka 50. Hatimaye mwaka 1979 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, yenye mabohari Kitale, Moi's Bridge, Bungoma na kwingineko. Ufunguo ulikuwa umefika serikalini.

Mabadiliko makubwa zaidi ya jikoni, hata hivyo, yalitoka kwenye kituo cha utafiti cha Kitale. Huko watafiti walichanganya mahindi ya kienyeji yaliyoboreshwa na aina iliyotoka Ecuador, na mwaka 1964 wakatoa mbegu ya H611, haibridi ambayo mavuno yake yalizidi kwa mbali yale ya mbegu za zamani. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ikawa mwuzaji wake. Wakati huohuo mashamba ya masetla yalikuwa yakigawanywa, na familia nyingi kutoka Bungoma zilihamia Trans Nzoia kununua au kugawiwa vipande. Katika muda wa kizazi kimoja wimbi lilisukumwa pembeni na mahindi yakawa chakula, biashara na karo ya shule kwa pamoja.

Faida ilikuwa kubwa na haifai kudharauliwa. Lakini haibridi ilifuta mambo mawili kimyakimya. Mbegu yake haiwezi kuwekwa kwa msimu unaofuata bila mavuno kupungua, kwa hiyo masuke juu ya jiko yakatoweka, na kila Machi kaya ikalazimika kuwa na pesa taslimu za mbegu na mbolea. Na punje kubwa laini ya mahindi ni karamu ya wadudu. Fukusi, na baadaye dumuzi aliyeingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983 na kuenea pole pole, huweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya Mei. Mahindi yasiyokauka huota kuvu na kuzaa sumu ya aflatoksini. Kule Trans Nzoia mavuno huja mvua zikiwa hazijaisha kabisa: mabua hukatwa na kusimamishwa kwa mafungu shambani, kisha punje huanikwa kwenye turubai uani na kando ya lami, familia ikiyatazama mawingu. Akiba ya wimbi haikuoza. Akiba ya mahindi huoza, na mkulima anayelijua hilo huona heri auze.

Huuza pia kwa sababu Januari shule hufunguliwa. Karo, sare na vitabu hudaiwa wiki chache tu baada ya mavuno, wakati kila jirani naye anauza na bei iko chini kabisa. Bodi ya Nafaka ilipaswa kuwa kinga: kununua kwa bei ya haki, kuweka, na kuachilia wakati wa uhaba. Mara nyingine ilifanya hivyo. Katika ukame wa 1984 mabohari hayakutosha, na nchi ikala mahindi ya njano kutoka ng'ambo ambayo watu wa umri fulani huyakumbuka kwa ladha yake. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa, vibali vikaondolewa, na mabroka wakawa ndio wanunuzi wa kwanza mlangoni mwa mkulima. Bei ya bodi ikawa kama hali ya hewa: shilingi 3,200 kwa gunia la kilo 90 mwaka 2017, kisha 2,300 mwaka 2018 kabla ya kupandishwa hadi 2,500 baada ya malalamiko. Mkulima aliyekuwa amepiga hesabu ya karo kwa bei ya kwanza hakuwa na namna ya kuitimiza kwa ya pili. Ni vigumu kuliita hilo soko la haki kwa watu wanaoilisha nchi.

Ghala lilipodhoofika, akiba ilihamia kwa watu tena, safari hii kwa daftari. Vyama vya akina mama vilianza kwa mambo madogo: kununua sufuria na vikombe vya pamoja vya matanga, kisha kuchangiana fedha kwa zamu, kisha kukopeshana kutoka kapu moja kwa riba ndogo. Mshahara nao ulikuwa aina ya ghala. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichofunguliwa Webuye mwaka 1974, na kile cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, viliwafanya maelfu ya watu wa Bungoma wahesabu mwezi badala ya msimu. Pan Paper ilipofungwa mwaka 2009, Webuye ilijifunza kwa uchungu kwamba mshahara ni ghala ambalo mtu mwingine anaweza kulifunga usiku mmoja.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na juhudi za kurudisha kinga shambani. Kituo cha kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kimefundisha tangu 1984 jinsi ya kulisha nyumba kwa kipande kidogo: kuchimba udongo kwa kina maradufu, mboji, mboga za kienyeji. Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma, likiwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea na kuwafundisha upanzi na uhifadhi. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na mtoto aliye Nairobi akaweza kutuma pesa za dawa kabla jua halijatua. Hili la mwisho liliwabadilisha watu kuliko lilivyokusudiwa: kaya nyingi zikaacha kuweka mahindi kwa ajili ya Juni kwa kutumaini kwamba Juni atapigiwa simu mtu wa mjini.

Misukosuko ya mwanzo wa karne hii ilikuwa mingi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliteketeza mahindi maghalani na shambani Trans Nzoia, wakati mapigano ya Mlima Elgon yalikuwa yamekwisha kuwafukuza wengine makwao. Ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 ukafika kaskazini. Mwaka 2017 viwavi jeshi wapya kutoka Amerika wakaonekana magharibi kwanza.

Kisha, 13 Machi 2020, Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa, na kuanzia 27 Machi kukawa na kafyu kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili, Nairobi na kaunti kadhaa za pwani zikafungwa watu wasiingie wala kutoka. Katika kalenda ya Kitale na Bungoma tarehe hizo zina maana yao: zilikuwa wiki za kupanda. Pesa zote za kaya zilikuwa zimekwisha ingia ardhini kama mbegu na mbolea, au zilikuwa njiani kuingia. Janga lilikuta mfuko mtupu, ghala likipungua, na miezi minne hadi minane kabla ya mavuno.

Mambo yaliyodhoofika kwanza yalikuwa yale ya mbali. Watoto wa mjini, wahudumu wa hoteli, makondakta na wajakazi, walipoteza kazi kwa siku chache. Wengi walirudi nyumbani kabla ya njia kufungwa, na simu iliyotegemewa kutuma ikaanza kuomba. Walimu wa shule za binafsi walikaa bila mshahara mpaka shule zote zilipofunguliwa Januari 2021. Masoko ya wazi yalifungwa au kupunguzwa siku. Uagizaji wa mitumba ulisimamishwa mpaka Agosti, na wachuuzi wa nguo wakabaki na marobota ya mwisho. Kwenye barabara ya Malaba, madereva wa malori walikaa foleni ndefu wakisubiri vipimo vya kuingia Uganda, na biashara ya vibanda iliyowategemea ikageuka kutoka faida hadi hofu. Matatu zikaamriwa kupunguza abiria na nauli ikapanda, kwa hiyo kuku wa kuuzwa Chwele au Kitale akawa hamlipii mwenyewe safari.

Serikali ilifanya yake: kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, vijana wakapewa kazi za usafi kupitia Kazi Mtaani, na ada za kutuma pesa kwa simu zisizozidi shilingi 1,000 zikaondolewa hadi mwisho wa mwaka. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyofika vijijini haraka kuliko zote, kwa kuwa msaada wa ndugu kwa ndugu huja kwa mia mbili mia tatu. Fedha kutoka kwa Wakenya walio ng'ambo, kinyume cha matarajio ya wengi, hazikupungua. Mwaka 2020 zilizidi dola bilioni 3.

Vyama vilipata pigo la aina nyingine. Chama huishi kwa kukutana, na mikutano ilikatazwa. Baadhi viligawana kapu na kusimama. Vingine vilihamia kwenye simu, mweka hazina akipokea michango na kupeleka ujumbe kwa kila mmoja. Vilivyokuwa vimekopesha fedha zote nje viligundua kwamba wanachama wote wameanguka siku moja. Kuchangiana kwa zamu humlinda mtu dhidi ya msiba wake binafsi, wakati jirani zake wako salama. Janga humshika kila mwanachama kwa pamoja, na kapu haliwezi kuwabeba wote. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15 kabla ya idadi kuongezwa, na ile siku ya kunyoa na kutaja madeni ikapita katika familia nyingi bila mashahidi.

Mwaka 2020 ulikuwa pia mwaka shufwa, na kwa Wabukusu Agosti ya mwaka shufwa ni msimu wa tohara. Kwa kawaida mvulana huzunguka na njuga kuwaalika jamaa, mjomba humchinjia, na nafaka nyingi huenda katika busaa. Kwa kuwa mikusanyiko ilikatazwa, sherehe zilipunguzwa, na wavulana wengi walipelekwa hospitalini au kutahiriwa nyumbani mbele ya wachache. Kwa hesabu ya ghala hilo lilikuwa ahueni. Kwa hesabu ya undugu, ambao ni ghala la pili, lilikuwa pengo: zawadi za msimu huo ndizo zinazowafunga wajomba na wapwa kwa miaka ijayo.

Kilichosimama ni kile kilichokuwa karibu. Muhogo wa kingoni ulichimbwa. Mboga za kienyeji kama saga, mnavu na kunde, zinazokua wiki chache tu baada ya kupandwa, zilirudi nyuma ya nyumba ambazo zilikuwa zimezoea kununua. Wanafunzi waliokaa nyumbani walipalilia, na mikono ambayo mwaka 1918 ilikosekana, mwaka 2020 ilikuwa mingi kuliko sufuria. Hapo ndipo majanga hayo mawili yalipotofautiana: la kwanza liliacha chakula bila wakulima, la pili liliwaacha wakulima bila pesa. Nyumba iliyokuwa imeweka magunia matatu au manne badala ya kuyauza Januari ilivuka Julai bila deni, hata ikiwa maskini kuliko jirani mwenye mshahara. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwanyima fukusi pumzi na kuua bila dawa, ilionyesha thamani yake kwa kila aliyekuwa nayo.

Yaliyofuata yalikuwa mwendelezo wa yaleyale. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, onyo kwamba uhifadhi mbaya ni suala la mipaka na uhai pia. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, mavuno ya Trans Nzoia yakiwa yameanza. Mwaka 2022 mbolea na unga vilipanda hata pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 200, na Septemba serikali ikaanza kutoa mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwa shilingi 3,500. Wakulima walipanga foleni kwenye mabohari yaleyale ya Bodi ya Nafaka, safari hii kuchukua badala ya kuleta.

Wimbi halijatoweka. Hupandwa bado Bungoma na Trans Nzoia katika vipande vidogo kando ya mahindi, kwa uji wa watoto na wa wagonjwa, na gorogoro lake huuzwa ghali kuliko la mahindi.